Nani Atakuwa Nyuma Yake?

Katika nyumba nyingi za Waislamu baiskeli ni chombo cha kwendea chuoni, sokoni na shambani, na kijana aliyeipata hupenda siku moja aende nayo mbali kuliko mtaa wake. Hilo ni jambo jema. Mwili uliopewa nguvu wahitaji kutumiwa, na nchi aliyoiumba Mwenyezi Mungu yapendeza kutazamwa kwa mwendo wa pole, ambao jicho hupata nafasi ya kuuona mti na sikio hupata nafasi ya kumsikia ndege. Lakini twaona vijana wengi huitayarisha safari ya namna hii kwa kutia upepo mipira tu, kisha hudhani kuwa wamekwisha. Sisi nasi tulidhani hivyo. Leo twataka kuwasimulia yaliyotufika, kisha tueleze jinsi tulivyoipanga safari ile ile mara ya pili, ili mwenye kutaka kuifanya asianzie pale tulipoanzia sisi.

Safari yenyewe ni mzunguko wa kusini ya Unguja. Mtu hutoka Kitogani, hupita katika msitu wa Jozani, hufika Paje kwenye pwani ya mashariki, huteremka Jambiani na Makunduchi, hugeuka magharibi mpaka Kizimkazi Dimbani, kisha hupanda kaskazini kwa njia ya Muyuni na kurudi Kitogani alikotoka. Jumla yake ni takriban kilomita 70. Barabara ni ya lami, na nchi ya huko ni tambarare, haina vilima vya kumtoa mtu pumzi. Kwa kijana mzima aliyezoea baiskeli, hiyo ni kazi ya siku moja, si nyepesi wala si ya kuumiza.

Mara ya kwanza tulitoka watu wanane katika mwezi wa Februari. Mdogo wetu alikuwa mvulana wa miaka 14, mtoto wa mjane mmoja jirani yetu, na mama yake alitukabidhi kwa mkono wake mlangoni. Tulipanda gari asubuhi, baiskeli zikafungwa juu, tukafika Kitogani saa 3, jua limekwisha panda. Hatukuhesabu kilomita, hatukugawana vyombo, wala hatukuuliza upepo unatoka wapi. Wenye miguu mizuri walitangulia na wengine wakafuata, na kila aliyeachwa alijitahidi kwa aibu asionekane mnyonge.

Tulifika Kizimkazi Dimbani karibu saa 9, Adhuhuri hatujasali bado. Tulitawadha kwa haraka na kujipanga nyuma ya imamu wetu. Hapo ndipo mmoja wetu alipotazama safu akasema, "Mbona tuko saba?"

Hapakuwa na mtu aliyejua kijana ameachwa wapi. Baada ya Sala wawili wetu walirudi njiani, na mwendo wa kilomita sita hivi walimkuta ameketi chini ya mwembe, gurudumu la nyuma limekaa chini. Alikuwa amepata pancha, na pampu ilikuwa kwa yule aliyetangulia mbele ya wote. Kando yake alikuwapo mzee mmoja mkulima, aliyekuwa akitoka katika shamba lake la mihogo. Alikuwa amemwangulia dafu, akakaa naye kumlinda.

Wenzetu wakamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu," akajibu. Kisha akauliza kwa upole, "Huyu mmepewa na nani?"

Wakasema, "Tumepewa na mama yake."

"Basi ni amana," akasema. "Mwenye amana hutangulii mbele ukamwachia njia."

Hakuongeza neno, naye alikuwa amesema ya kutosha. Jioni ile tulirejea kwa gari kutoka Kizimkazi, na habari ilifika nyumbani kabla yetu.

Miezi mitano baadaye tulikwenda kwa yule mama kumwomba ruhusa tena. Hakukasirika wala hakukataa. Alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Wanangu, nitakuulizeni mambo matatu. Nani atakuwa nyuma yake? Maji yako wapi? Na mtarudi saa ngapi?" Hatukuwa na jawabu hata moja. Tukamwomba siku tatu, tukaenda kuketi na karatasi. Yaliyo hapa chini ndiyo majibu tuliyomrudishia.

NANI ATAKUWA NYUMA YAKE

Msafara wa baiskeli wahitaji watu wawili wenye madaraka. Wa kwanza ni mtangulizi. Huyu huijua njia, hushika mwendo, na haruhusiwi kupitwa. Wa pili ni mfungaji wa msafara, naye hukaa nyuma ya wote tangu kutoka mpaka kurudi. Hampiti mtu yeyote, hata mtu huyo akisimama kufunga kamba ya kiatu. Mfungaji ndiye mwenye cheo kikubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye ajuaye kama watu wametimia. Basi hapo awekwe mtu mzima, mvumilivu, ajuaye kuziba pancha, na pampu iwe kwake.

Mwendo wa msafara ni mwendo wa mnyonge wake. Sisi tulimpandisha yule mdogo wetu baiskeli jioni moja, tukampima kwa saa nzima pasipo kumwambia sababu, tukaona aweza kwenda kilomita 13 kwa saa bila kuhema. Tukaifanya hiyo kuwa ndiyo kanuni ya wote. Mwenye nguvu zaidi hakudhulumiwa. Alipewa mzigo mzito zaidi kwenye karia yake, na hivyo nguvu zake zikawa na kazi.

Watu wasizidi wanane. Barabarani huenda mmoja nyuma ya mmoja, upande wa kushoto, wakiachiana nafasi ya kutosha kufunga breki. Kila kijiji wanapofika husimama na kuhesabiana. Kofia ngumu ya kichwani si pambo, kila mmoja na awe nayo. Nguo zisiwe za kuning'inia: suruali pana hufungwa kifundoni, na binti zetu wanaotoka na kaka zao hushona vazi la stara lisilofika kwenye mnyororo, kwa kuwa buibui au mtandio ukishikwa na gurudumu humwangusha mtu kwa ghafula, naye asijue kimetokea nini.

MAJI YAKO WAPI

Mtu apandaye baiskeli juani huhitaji kiasi cha nusu lita ya maji kwa kila saa, na jua likiwa kali huhitaji zaidi. Kwa hiyo kila mmoja alitoka na lita mbili, na karatasini tukaandika mahali pa kujaza: Paje, Jambiani, Makunduchi na Dimbani. Maji hunywewa kidogo kidogo kabla ya kiu. Anayengoja mpaka ulimi ukauke amekwisha chelewa, na kichwa kikianza kumwuma, atiwe kivulini na safari isimame.

Chakula cha njiani ni chakula chepesi cha mara kwa mara: tende, ndizi mbivu, mihogo ya kuchemsha yenye chumvi, na mayai. Tende ni rafiki mwema wa msafiri. Hazimwagiki, hazichachi, na nguvu zake hufika upesi. Sahani kubwa ya wali huachiwa jioni, kwa maana aliyeshiba sana hupanda baiskeli kama aliyebeba mtu.

Katika maji tukaingiza na dawa ya chombo. Wiki moja kabla, kila baiskeli ilipelekwa kwa fundi. Alikaza breki, akatia mnyororo mafuta, akanyosha magurudumu yaliyopinda na kubadili mipira iliyochakaa. Ardhi ya upande ule ni ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo hukata kama wembe mtu akitoka nje ya lami. Mfungaji alichukua pampu, mipira ya ndani miwili, viraka, gundi, spana na kipande cha mnyororo. Tukachukua pia bendeji na dawa ya kidonda. Tena tukaandika kwamba Makunduchi ipo hospitali, ili likitokea la kutokea tusianze kuulizana.

MTARUDI SAA NGAPI

Hili ndilo swali lililotufundisha zaidi, maana halijibiwi kwa kukisia. Tulihesabu hivi. Kitogani mpaka lango la Jozani ni kama kilomita 2. Jozani mpaka Paje 16. Paje mpaka Jambiani 7. Jambiani mpaka Makunduchi 11. Makunduchi mpaka Dimbani 13. Na Dimbani mpaka Kitogani 22. Kilomita 71 kwa mwendo wa 13 ni saa tano na nusu juu ya kiti. Ongeza saa moja na robo ya msituni, saa moja na nusu ya Sala na chakula, na saa moja na nusu ya kupumzika na kutengeneza kitakachoharibika. Jumla ni saa tisa na dakika 45. Basi atokaye saa 1 asubuhi atarudi karibu na saa 11 jioni, na katika mwezi wa Julai jua huchwa huko baada ya saa 12. Ile saa moja iliyobaki ni akiba, haitumiwi kwa kuzurura.

Kisha tukauliza upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, aghalabu tangu Aprili hata Septemba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, tangu Desemba hata Machi. Wakati wa kusi, mwenye kuanzia Jozani hukabili upepo asubuhi akielekea Paje na Makunduchi, miguu ikiwa bado mipya. Na baada ya Adhuhuri, akipanda kutoka Kizimkazi, upepo humsukuma mgongoni mpaka kwake. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Yafaa aanze kwa Kizimkazi na kumalizia kwa Paje na msitu, ili kipande cha mwisho kiwe na upepo wa nyuma na kivuli cha miti. Sisi Februari tulikuwa tumekwenda kinyume, na kama tusingepanda gari, kilomita 22 za mwisho tungezipigania. Miezi ya masika, Machi hata Mei, haifai kabisa. Bora ni Juni hata Septemba, wakati ambao nchi ni kavu na jua lina huruma.

Tukaweka pia milango mitatu ya kutokea, yaani Paje, Makunduchi na Kizimkazi, ambako gari za abiria hupatikana na mizigo hufungwa juu. Tukakubaliana kabla ya kutoka kwamba tusipofika Makunduchi kwa saa 7 mchana, tutapanda gari sote, wala hapatakuwa na mtu wa kusema "tujaribu." Uamuzi wa kurudi hufanywa nyumbani kwa utulivu. Njiani aibu huingia katika shauri, na aibu ni mshauri mbaya.

Na Sala je? Vijana walituuliza kama yafaa wafupishe na kukusanya, kwa kuwa wamo safarini. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, safari ya kufupishia ni ya marhala mbili, nayo wanazuoni wa leo huikadiria kuwa kilomita 80 na zaidi kwa kwendea peke yake. Mzunguko huu haufiki hapo, wala Makunduchi kutoka mjini haifiki. Kwa hiyo kila Sala ilisaliwa kamili kwa wakati wake, na mwenye shaka na amwulize shekhe wake. Alfajiri tulisali Kitogani, Adhuhuri Dimbani, Alasiri Muyuni. Nasi tuliona kwamba nyakati za Sala ndizo zilizoigawanya siku vizuri kuliko saa zetu zote.

SIKU YENYEWE

Mama aliisoma karatasi mara mbili, akairudisha, akasema, "Nendeni." Tukalala Kitogani kwa jamaa zetu, na asubuhi ya Julai tukasoma dua ya kupanda chombo, tukatoka umande haujakauka.

Njia iingiapo Jozani hupoa kwa ghafula, kama mtu aingiaye ukumbini kutoka juani. Ni msitu wa chemchemi. Maji yako karibu na uso wa ardhi, na miti kama mitondoo hukua mikubwa humo. Tangu mwaka 2004 Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka imekuwa hifadhi ya taifa, yenye ukubwa wa kama kilomita za mraba 50. Baiskeli huachwa langoni, ada hulipwa, na mtu hutembezwa na mwongoza njia. Sehemu ya mapato hurudi katika vijiji vinavyouzunguka msitu. Humo hukaa kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizomzunguka uso. Asili yake ni Unguja peke yake, na wachache walipelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika mwaka 1974. Wenyeji walituonyesha kuwa hula hata vipande vya makaa, navyo husemwa kuwa humsaidia tumboni kwa majani makali anayoyala. Hapewi chakula wala hashikwi. Barabarani yamewekwa matuta kwa ajili yake, kwa sababu wengi waligongwa na magari. Basi mpanda baiskeli naye apunguze mwendo hapo, asijione kuwa yeye si chombo.

Baada ya msitu nchi hufunguka, vichaka vifupi juu ya mawe, na upepo wa kusi ukatupiga usoni kama tulivyoandika. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa tuliutarajia. Paje na Jambiani maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake walikuwa shambani mwao baharini. Kilimo cha mwani kilianza katika pwani hiyo mwaka 1989, na kimewapa mama wengi fedha za mikononi mwao wenyewe. Tuliwaamkia tukapita taratibu, pasipo kuwapiga picha kama vitu vya kutazamwa.

Makunduchi tulifika saa 6 na dakika 10. Tukahesabiana, tukatimia. Mbele kidogo tukauona ule mwembe. Yule mdogo wetu hakusema kitu, lakini aligeuka nyuma kutazama kama mfungaji yupo. Alikuwapo, hatua kumi nyuma yake.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani hauna fahari kwa nje. Una kuta nyeupe na paa la bati, na mtu aweza kuupita asijue. Lakini kiblani mwake yamo maandishi ya Kufi yaliyochongwa katika jiwe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo la sasa ni ya karne ya 18, lakini jiwe lile limekaa. Watu wamesujudu mahali hapo zaidi ya miaka 900. Tulipokwisha tawadha tukajipanga. Safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza, tulikuwa wanane.

Kusi lilitusukuma mpaka Kitogani, nasi tukafika saa 11 kasoro dakika 10. Mjini tuliingia kwa gari kabla ya Isha, kama tulivyoahidi. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza habari za msitu wala za bahari. Alimtazama mwanawe toka kichwani hata miguuni, kisha akamwuliza mfungaji wetu, "Ulikuwa nyuma yake?"

"Ndiyo, mama. Njia nzima."

"Basi ingieni mle," akasema.

Enyi vijana wetu, nguvu ni neema, na kusafiri ni neema, lakini kutangulia si kufika. Mkitaka wazee wenu wakupeni ruhusa, msiwaombe kwa maneno. Wapelekeeni karatasi iliyoandikwa njia, maji, saa, na jina la yule atakayekaa nyuma. Nanyi wazazi, msiwafungie watoto mlango kwa hofu. Waulizeni yale maswali matatu, na wakiyajibu, waacheni waende.